Historia ya Mama Kadi na Maktaba Iliyohifadhiwa Mpaka Ikaliwa

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi nyote mlioketi juani kwa sababu viti vya kivulini vimewekewa wajumbe wa kamati, familia imenituma mimi, mtoto wa dada yake, niwasomee maisha ya mama yetu mdogo, na nitayasoma yalivyokuwa.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kadi kwa kadi zake za kuazimia vitabu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba hii hii, chumba cha pili mkono wa kushoto, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa karani wa mahakama, mtu ambaye hakuwahi kusikia mnada wa vitabu akabaki nyumbani, hata kama watoto walikuwa hawana viatu. Mtoto huyu alijifunza kusimama kwa kushikilia rafu.

Alisoma shule ya msingi iliyo mwisho wa barabara hii kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, kisha sekondari ya wasichana hadi Novemba 1967, akafaulu kuliko kaka yake mkubwa, jambo ambalo kaka huyo, tuliye naye hapa mbele, amelibeba moyoni kwa miaka hamsini na minane bila kuchoka. Tarehe 2 Januari 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, idara ya kushona na kujalidi vitabu, akafanya kazi humo mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2004, na wenzake wanasema alikuwa akinusa gundi na kujua ilichemshwa jana au juzi.

Tarehe 5 Agosti 1972 alifunga ndoa na fundi saa, ambaye aliazima kitabu kimoja hapa akakaa nacho wiki kumi na moja, na alipodaiwa akaona heri amwoe mdai. Walijaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, wote wapo, na fundi saa alitangulia mbele za haki tarehe 11 Mei 2003.

Baba yake, yule karani, alipofariki mwaka 1981 alimwachia kaka mkubwa shamba, ambalo leo hakuna ajuaye liko mikononi mwa nani, na kwa marehemu akaacha vitabu elfu moja mia saba sabini na viwili. Kila Jumamosi marehemu alishusha rafu moja, akatandika mkeka ukumbini, akafungua kila kitabu ukurasa kwa ukurasa, akakipangusa kwa kitambaa kikavu, akachungulia nyuma ya rafu, akairudisha vidole vinne mbali na ukuta, na kitabu ambacho hakikuazimwa mwaka mzima alikiweka kwenye benchi la mlangoni mpaka mpita njia aone aibu kukiacha. Alikuwa akisema kwamba kitabu wasichokisoma watu watakisoma mchwa.

Ndipo, tarehe 9 Aprili 2016, ikazaliwa Kamati ya Kuhifadhi na Kuendeleza Maktaba ya Ukoo kwa Ajili ya Vizazi Vijavyo, yenye wajumbe saba, mhuri mmoja na fulana za kijani, Mwenyekiti akiwa kaka mkubwa na Katibu akiwa mwanawe, na katika kadi zote za maktaba hii, ambazo nimezipitia moja moja, hakuna hata mjumbe mmoja aliyewahi kuazima kitabu. Kikao cha nne kiliamua kwamba mikono ya watu ina jasho, hivyo vitabu mia nne na kumi na viwili, vile vikongwe kabisa, vikafungiwa kwenye makabati ya vioo yaliyopigiliwa ukutani, funguo akaondoka nazo Mwenyekiti kwenda anakoishi, mwendo wa siku nzima kwa basi. Marehemu aliomba makabati yasogezwe vidole vinne tu, aliomba kwa barua, aliomba kwa simu, akapiga magoti mbele ya kaka yake, mwanamke wa miaka sitini na saba, na Katibu akamjibu, "Shangazi, haya ni mambo ya kitaalamu, wewe pumzika."

Miezi kumi na minne baadaye walikuja na mpiga picha. Vitabu vilisimama kwenye vioo vimenyooka, Mwenyekiti akavuta kimoja akitabasamu, akabaki na mgongo wa kitabu mkononi na vumbi kwenye kiatu, maana mchwa walikuwa wametoka ukutani na kula vyote mia nne na kumi na viwili kwa nyuma, kwa raha zao, bila mtu wa kuwachungulia. Mngedhani watu wazima wangeona haya. Kikao cha kumi na tisa, muhtasari ninao, kiliamua migongo ibaki kabatini kwa kuwa ukitazama kutoka mbele haina kasoro. Kutoka mbele na wao hawana kasoro.

Marehemu hakugombana nao. Alipogundulika na ugonjwa wa ini tarehe 3 Februari 2022, alianza kuazimisha vile elfu moja mia tatu na sitini vilivyobaki, nyumba kwa nyumba, na kwenye kila kadi aliandika jina la anayechukua na majina ya watakaokipokea baada yake. Cha mwisho kilitoka akiwa amelazwa, alikichukua muuguzi wa wodi namba nne, na marehemu akafariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, rafu zote za nyumba hii zikiwa tupu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliolipiga msasa jeneza kwa mikono yao, na majirani mliompikia, mliomwogesha na mliomsomea macho yalipochoka. Kamati nayo imenikabidhi tangazo, kwamba mwenye vitabu avirudishe kabla ya mwisho wa mwezi viwekwe kwenye vioo, na tangazo hilo nimelisoma. Marehemu aliacha lake, kwa mwandiko wake, kwamba kitabu kisirudi hapa, ukimaliza mpe aliyeandikwa chini ya jina lako. Mwenyekiti naye hakusahauliwa, ameandikwa kwenye kadi iliyoko kwa muuguzi, ni wa kumi na moja, atasubiri zamu yake kama watu wengine.

Mama mdogo, sasa pumzika, na amani uipate.