Santuri Iliyomfungia Mama Mkwe Nyumbani

Sabato njema, ndugu zangu. Jina la Bwana litukuzwe kwa kuniacha nisimame mbele yenu, kwa maana leo ni miaka kumi tangu santuri yangu itoke. Mwenye duka hapa sokoni ametundika jalada lake mlangoni, anataka nikapige zeze watu wacheke kama zamani. Nimemwambia kwanza nina neno la kusema kanisani.

Wengi wenu mnanijua kwa kuchekesha. Nilikuwa na obokano, lile zeze letu kubwa la nyuzi nane, na ulimi usio na breki. Nilimwimba chifu, nilimwimba mwalimu, hata matanga niliyageuza kicheko. Nikaitwa Nairobi kurekodi. Siku ya pili mwenye studio akasema santuri haijajaa, umebaki wimbo mmoja. Sikuwa nao. Nikamwimba mama mkwe.

Ndugu zangu, mnajua desturi yetu. Mama akimwona mkwewe anakuja, huacha njia akajisitiri migombani mpaka apite. Hiyo ni heshima. Mimi nikaifanya mchezo: anavyokimbia, kiatu kinavyobaki njiani, anavyokohoa mle migombani akidhani haonekani. Jina sikulitaja, lakini kikohozi nilikiiga sawasawa.

Santuri ikafika hapa Ikonge. Siku ya soko mama mkwe aliingia dukani kununua chumvi, na wimbo ule ulikuwa unalia kwenye gramafoni. Alipokohoa tu, duka zima likaangua kicheko. Aliiacha chumvi mezani, akaenda nyumbani, na hakutoka tena. Sokoni hakwenda, kanisani hakuja. Mke wangu Kemunto, akiwa na mimba yetu ya kwanza, alikwenda kumwona mamake akakaa huko huko. Alinitumia neno moja: "Mama asipotoka, mimi sirudi."

Ikapita miezi minne. Niliona aibu, kisha hasira, kisha hofu. Siku za kujifungua zilikaribia, na mtoto wangu angezaliwa katika boma lisilo langu. Wazee niliowatuma walirudishwa langoni. Kumwomba mama msamaha uso kwa uso singeweza, desturi hainiruhusu hata kumsogelea. Nilifunga siku tatu nikiomba, mimi niliyezoea kuwaiga wanaosali.

Siku ya nne nikaenda kwao Kemunto mwenyewe. Shemeji yangu Ombati alikuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya njia. Aliponiona aliacha kukata, lakini panga hakuliweka chini. Mara mama akatokea na mtungi kichwani, kwa kuwa Kemunto hakuweza tena kubeba maji. Aliniona, akageukia migombani kwa haraka, mtungi ukayumba.

Sijui nani alinisukuma kama si Mungu. Niliiacha njia mimi. Niliingia migombani kabla yake, nikasimama kwenye tope, njia nikiipa mgongo. Nilisikia hatua zake zimesimama. Nikamsikia Ombati anakuja. Nikasema moyoni, Bwana, kama ni panga, na liwe.

Kisha mama akakohoa, kikohozi kile kile. Akamwambia mwanawe, "Ombati, mwambie aliyemo humo amekanyaga mgomba wangu mchanga. Akitoka, aende kwa Kemunto apewe uji."

Nililia pale pale topeni. Kesho yake Kemunto alirudi nyumbani, na Sabato iliyofuata mama aliketi katika kanisa hili.

Kwa hiyo wimbo ule sitaupiga leo wala siku nyingine. Nawe uliyemwaibisha mtu kwa ulimi wako, usingoje miezi minne. Mtegemee Bwana, ondoka njiani, ingia kwenye tope lako. Utamkuta huko, kama nilivyomkuta mimi.

Mama ameketi upande wa akina mama, na sijamtazama tangu nianze kusema. Ibada ikiisha, mniruhusu nibaki humu ndani mpaka atoke. Njia ni yake.