Majogoo Wawili Kwenye Mnada wa Kanisa

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu! Wazee wangu, shikamooni. Nimesimama na karatasi, maana bila karatasi nitawaza mpaka nishindwe kusema.

Nilirudi hapa Malindi yetu ya milimani na shahada yangu ya ualimu miaka ile serikali ilipoacha kuwapangia wahitimu kazi. Nikaandika barua nyingi za maombi. Ndipo jicho la kushoto likaanza kuuma kwa ndani, kope ikavimba, nikawa naona kila kitu mara mbili. Milima miwili, mama wawili! Nikifumba jicho moja, kinarudi kuwa kimoja. Nikawaza: nani ataajiri mwalimu wa namna hii? Nikisema, si wataniambia nimerogwa? Nikimwomba Mungu naye asiponiponya, je, imani yangu ni ya uongo? Ndugu zangu, nilificha miezi mingi.

Jumapili moja baada ya ibada, wakati wa kunadi mazao na kuku waliotolewa sadaka, nilifumba jicho ili nimwone vizuri jogoo aliyeinuliwa. Mzee wa mnada akapaza sauti, "Haya! Msomi wetu kakonyeza! Jogoo ni wake!"

Watu wakacheka. "Msomi, njoo umchukue mchumba wako!"

Nikaenda, nikanyoosha mikono, nikashika hewa. Nikajaribu tena. Hewa. Kicheko kikakatika.

Mama akaja akanishika kidevu mbele ya wote. "Mwanangu, majogoo ni wangapi?"

"Wawili, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipovuna viazi."

Hakunigombeza. Alilia tu. Hapo ndipo nilipovunjika, ndugu zangu!

Mchungaji aliniombea palepale, na kesho yake mama akanipeleka hospitali. Daktari alisema uvimbe wa muda mrefu ndani ya tundu la jicho umedhoofisha misuli inayoligeuza, na kwamba ningezidi kukaa kimya ningeweza kupofuka. Nilimeza vidonge vya kupunguza uvimbe kwa miezi kadhaa. Kwa ukali wa dawa mashavu yakajaa, usingizi ukapotea, hofu ikarudi mara nyingi. Lakini asubuhi moja nilitoka nje, nikaona mlima mmoja. Mmoja! Bwana ashukuriwe!

Siwadanganyi. Nikitazama juu sana, vitu bado vinagawanyika. Kazi sijapata, na kuwaza sijaacha. Ila sijifichi tena. Nawe unayefumba jicho lako ili tusijue, mtegemee Bwana, umwambie mtu mmoja kabla hujatoka hapa.

Leo nami nimeleta jogoo wa mnada. Yuko pale mlangoni, amefungwa miguu. Namwona mmoja.