Zawadi ya Kuwa wa Kwanza

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, na mguu wake mmoja umetiwa tofali. Jioni ile birika la kahawa lilikuwa bado zito, lakini Fundi Baiskeli hakugusa kikombe chake. Alishika ripoti ya mwanawe wa kidato cha pili. Mwaka jana kijana alikuwa wa kwanza. Sasa ni wa arobaini na moja kati ya arobaini na watatu. Chini, kwa wino mwekundu: amekutwa amelewa darasani mara ya tatu, mzazi afike Jumatatu aeleze kwa nini asifukuzwe.

— Hesabu za siku hizi ndizo zinazomnywesha, alisema Kinyozi. Herufi na namba zimechanganywa kama mchele na mawe. Hata mimi ningekunywa.

— Wewe mbona unakunywa bila hesabu? alidakia Breki, dereva mstaafu wa malori. Tatizo ni ule mnara wa simu. Unakausha ubongo. Mtoto anashikwa na kiu, maji hayamtoshi.

— Tangu lini mnara ukauza pombe?

— Sasa mbona alianza mwaka uleule uliposimikwa?

Profesa, tuliyempa jina hilo kwa sababu ya miwani tu, akakohoa.

— Jamani, ni akili. Kichwa kikijaa kinatafuta pa kumwagia. Mwanao ana akili kupita kiasi, Fundi.

— Za kumfanya wa arobaini na moja?

— Ndiyo! Na wale wawili walio nyuma yake wamemzidi.

Tulicheka. Fundi hakucheka.

— Jumatatu nikawaambie nini walimu, ndugu zangu? Mnara?

Kabla hatujajibu, bintiye wa darasa la tatu alifika mbio, sare imejaa vumbi la chaki, karatasi mkononi.

— Shikamooni! Baba, nimekuwa wa kwanza!

— Marahaba, mama! tuliitikia kwa pamoja, tukampigia makofi.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Kaka alipokuwa wa kwanza mlimkalisha hapa, mkamfungulia chupa, mkasema sasa ni mwanamume. Mimi mtanifungulia lini?

Kinyozi aliinama kutafuta kitana, nacho kilikuwa mkononi mwake. Breki alitazama tairi la baiskeli iliyopinduliwa. Fundi aliikunja ripoti ya wino mwekundu, akaikunja tena, na tena, mpaka ikakataa kukunjika. Mtoto alikuwa bado amesimama, akingoja kujibiwa.