Hesabu za Asali ya Jumapili

Basi la kwenda uwanja wa mbio za farasi hapa Louisville huwa limejaa maprofesa wa kamari kila Jumamosi. Wa jana alikaa mbele yangu na gazeti la mbio alilolichora wino mwekundu mpaka maandishi yenyewe hayaonekani. "Mbio za tano, Asali ya Jumapili," akamtangazia mama aliyekaa naye. "Wiki nzima nampigia hesabu. Kwenye nyasi kashinda mara nne. Hashikiki!"

Mama mwenyewe alivaa buti za zizini, na hakumtazama. "Umewahi kumshika farasi mguu, kaka?"

"Wa nini? Namba hazina kwato."

"Ndiyo maana hazishindi. Mimi nimewaogesha miaka ishirini. Huyo wako kwenye udongo anatembea kama bibi harusi anayeogopa kuchafua gauni."

"Nani kataja udongo? Mbio ni za nyasi, imeandikwa hapa!"

"Imeandikwa lini?"

"Juzi."

Mama akafuta ukungu wa dirishani kwa kiwiko. Nje mvua ilikuwa ikimwagika tangu alfajiri, na mjini kwetu hata paka wangu anajua kwamba nyasi zikilowa, mbio huhamishiwa kwenye udongo.

Jamaa akatazama nje, akarudi kwenye gazeti. "Mvua haimo kwenye hesabu zangu," akasema. "Kubahatisha nawaachia nyinyi."

Basi likasimama. Akavua koti, akalifunika gazeti lisilowe, akakimbilia dirisha la kubetia huku yeye mwenyewe akitota.