Getruda Nzunda, Aliyeishi kwa Jina la Mdogo Wake

Mwaka 1986 marehemu alichukua jina la mdogo wake, Ferista, akaenda nalo shule, na mdogo akabaki nyumbani bila jina wala daftari. Hilo linatajwa kwanza ili ninyi mlioshika karatasi zenye jina la Ferista mjue kwamba aliyelala kwenye jeneza ni Getruda. Ferista ni mzima, amesimama mbele yenu, na asubuhi amekunywa uji.

Getruda Nzunda alizaliwa Ihanda, Mbozi, tarehe 12 Machi 1971. Ferista alimfuata mwaka 1974.

Getruda alimaliza darasa la saba mwaka 1985, hakuchaguliwa kwenda sekondari. Kurudia kwa jina lake mwenyewe hakukuruhusiwa. Baba mdogo Enoka akachukua uhamisho kwa jina la Ferista, aliyekuwa anaingia darasa la nne, akampeleka Getruda kwa ndugu kule Mbebe akaanze upya. Getruda alikuwa mfupi. Walimnyoa nywele, wakamwonya asicheke sana, maana meno yalikuwa ya mtu mzima. Shule zilipofunguliwa, Ferista alikwenda darasani Ihanda kama kawaida. Mwalimu akafungua rejista.

“Ferista, umehama.”

“Nipo hapa, mwalimu.”

“Hapa imeandikwa umehama. Nenda ulikohamia.”

Alihamia kwenye kahawa ya baba yake, na huko hajahitimu mpaka leo. Getruda alimaliza kidato cha nne mwaka 1993.

Mwaka 1995 alifungua saluni Tunduma, karibu na mpaka, akapamba maharusi wa pande zote mbili. Wateja wa Nakonde, upande wa Zambia, walimwita ba Ferista, yaani Bi Ferista, kwa heshima ambayo Ferista mwenyewe hajaipata hata kwa kuku wake. Kazi aliijua, hilo halina ubishi. Alianza kwa maji ya uvuguvugu, akautazama uso kwanza kabla ya kushika brashi. “Uso una kazi nyingi,” alisema. “Kula, kulia, kusalimia watu usiowapenda. Leo tuutunze.”

Aliitwa pia kupamba wanawake waliofariki, na huko ndiko alikojifunza zaidi. “Poda inakaa juu yao kama vumbi mezani,” alimwambia mdogo wake. “Rangi inataka damu ya kuipokea.” Tangu hapo hakumgombeza bibi harusi aliyepepesa macho akaharibu wanja. Alifuta, akaanza tena. “Pepesa, mama,” alisema. “Wenzako hawawezi.”

Alifunga ndoa na Andongwisye, dereva wa malori, mwaka 1997 katika kanisa la Ihanda, akaandikwa Ferista. Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya mdogo wake. Mchungaji alipotangaza ndoa, mzee wa kanisa akasimama: “Huyu ameshaolewa kanisani hapa hapa!” Ikabidi Ferista aolewe kwa jina la Getruda. Siku hiyo marehemu alimpamba mdogo wake kwa saa tatu, kazi safi, mpaka mama yao mzazi akampa mkono: “Karibu mgeni. Umekuja na upande wa bwana harusi?” Siku hiyo Ferista hakuwa na jina lake wala uso wake. Picha lakini ameitunza.

Mwaka 2009 marehemu alianza kuugua kisukari, kisha figo. Hospitalini, muuguzi akiita Ferista, waliitika wote wawili, na mzima akanusurika sindano mara mbili. Wiki ya mwisho baba mdogo Enoka alikuja kumjulia hali. Getruda akamshika mdogo wake mkono.

“Nilikuwa mtoto. Nikapewa jina kama gauni, nikavaa. Nikifa, baba mdogo atalirudisha mbele ya watu. Eti, baba mdogo?”

Baba mdogo akakohoa, akasema anakwenda kununua machungwa. Siku hiyo hakurudi.

“Na wewe ndiye utakayenipamba,” Getruda akamwambia mdogo wake.

“Mimi najua kupaka matope.”

“Anzia hapo hapo.”

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2014. Habari zilifika Ihanda kwamba Ferista amekufa, na akina mama wakaja kwake na unga na kuni, wakilia tangu barabarani. Walimkuta uani anapukuchua mahindi.

“Mama Lusungu! Si umekufa?” akauliza jirani yake, Enesi.

“Nimekufa saa ngapi? Na mahindi haya amalize nani?”

Wakaendelea kulia kidogo hata hivyo, kwa kuwa walikuwa wameshaanza.

Leo asubuhi Ferista amempamba dada yake. Poda imekaa juu, kama alivyosema. Nyusi ya kushoto imepanda kuliko mwenzake. Mtakapopita kuaga, msimlaumu marehemu. Wakati wa wanja, Ferista alijikuta ameinua mkono, anasubiri apepese.

Marehemu ameacha mume, Andongwisye, binti, Atupele, baba mdogo, na mdogo mmoja.

Getruda alale salama, yeye ameshasema lake. Msalaba ule pale umeandikwa Ferista, na udongo haujarudishwa. Jina la mtu aliye hai bado linadaiwa, na anayedaiwa ni baba mdogo Enoka, yule aliyekaa mstari wa mbele mwenye kofia, ambaye sasa anaanza kukohoa.