Sanduku la Viraka Lisilopungua: Wasifu wa Marehemu Mama Upokoina Tekeu

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu wa Mauke mliofika kwa ndege ya asubuhi, majirani wa Areora, na ninyi mliosimama kule nyuma karibu na tangi la maji mkidhani hamwonekani: familia inawashukuru. Mama angetaka kujua kwanza mmekuja kufanya nini. Baada ya hapo angewakaribisha mle.

Marehemu Mama Upokoina alizaliwa tarehe 14 Agosti 1938 katika kijiji cha Oiretumu, kisiwani Mauke, mtoto wa tatu wa baba yake, Papa Iotia, na mama yake, Mama Tungane. Shangazi zake walisimulia kwamba tangu utotoni hakukubali kula ndizi iliyomenywa na mtu mwingine. Bibi yake akamuuliza, "Kwani wewe, unadhani nimekuwekea nini humo?" Mtoto akajibu, "Sijui. Ndiyo maana sili." Bibi alicheka mpaka akakaa chini, lakini ndizi haikuliwa.

Alisoma katika shule ya kisiwa pale Mauke kuanzia mwaka 1945 hadi 1952. Alikuwa hodari wa hesabu, si kwa kuzipenda, bali kwa sababu hakuamini majibu ya mwalimu mpaka ayapige upya mwenyewe. Ushonaji alifundishwa na mama yake kwenye mkeka wa nyumbani. Walikata magauni yaliyochoka, mifuko ya unga na mapazia ya zamani, wakaunga vipande kuwa tivaevae, yale mashuka ya viraka tunayowatandikia wageni na kuwafunikia marehemu wetu. Ilikuwa nyumba ya mabinti wengi, na kitambaa kizuri hakikukaa kwa mwenyewe muda mrefu. Kwa hiyo Upokoina akaanza kutia kifundo kidogo cha uzi mwekundu kwenye pembe ya kila kipande alichokiita chake. Tabia hiyo hakuiacha hata alipoingia uzeeni.

Tarehe 5 Desemba 1959 alifunga ndoa na Papa Ngarima Tekeu wa Areora, hapa kisiwani Atiu. Papa alimchumbia mara mbili, maana mara ya kwanza Mama alidhani kijana ametumwa na wenzake amtanie. Alikuja kwa mumewe na sanduku la mbao limejaa vitambaa vikuukuu, ufunguo ukining'inia shingoni. Papa, hasa akirudi kunywa pombe ya machungwa na wenzake huko porini, alipenda kusema, "Mimi nilioa sanduku. Huyu mwanamke alikuja kulilinda." Mama hakucheka. Alimnusa, akamwambia alale kwa kaka yake.

Kuanzia mwaka 1964 hadi 1982 alifanya kazi kwenye banda la mananasi, akikagua matunda kabla hayajapakiwa melini kwenda New Zealand. Wenzake wanakumbuka alivyokuwa akilishika nanasi na kuligeuza huku akilitazama kama mtoto aliyerudi nyumbani kwa kuchelewa. Baadaye alijiunga na kamati ya wanawake inayopita nyumba kwa nyumba kukagua usafi. Wengine waliangalia vyoo na mifereji. Mama alikwenda moja kwa moja chumba cha kulala, pale mashuka mazuri yanapotandikwa siku ya ukaguzi, akainua pembe za viraka na kutafuta kifundo chekundu.

Na siku moja ya mwaka 1984 akakiona. Jambo hili wengi mnalijua nusunusu, na kila nusu ina mwenyewe, kwa hiyo tunaomba mlisikie lote mara moja.

Mwaka mmoja kabla, Mama alikuwa amebuni shuka kubwa la viraka vidogo vidogo, kazi ya wanawake wengi. Kama ilivyo desturi, mchoro wote ulikaa kichwani mwake. Alitunga vipande kwenye uzi, rangi kwa rangi kwa mpangilio wake, kila mwanamke akapewa uzi wa safu yake aende akashone. Mmoja wao alikuwa Mama Matangaro, dada wa Papa, yaani wifi yake. Vipande vya njano vilizidi kwenye uzi wa Mama Matangaro. Kule Mauke kwao mama yetu, masalia ya uzi hurudi kwa mwenye shuka. Kwa mama mkwe wake hapa Areora, masalia yalikuwa ya aliyeshona, ndiyo shukrani yake. Hakuna aliyefikiria kumwambia mwenzake, maana kila mmoja alidhani dunia nzima inafanya kama kwao.

Basi siku ya ukaguzi Mama akainua pembe ya shuka la wifi yake, akakuta njano yake, kifundo kikiwa palepale.

"Wifi, hiki nini?"

"Kitambaa."

"Cha nani?"

"Kilikuwa chako, sasa changu. Kilibaki kwenye uzi."

"Kwa hiyo kikibaki mezani kwangu chakula, nacho utakibeba?"

"Chakula chako nani anakitaka, wifi? Unakionja wewe mwenyewe mara tatu kabla hujakiamini."

Wanakamati walikimbilia kukagua mfereji. Mama aliuona mkasi wa wifi yake juu ya kitanda, mkasi mzuri wenye mpini mweusi, akauchukua. "Huu nakaa nao mpaka njano yangu irudi." Akatoka nao.

Papa Ngarima alijaribu kusuluhisha. "Mke wangu, kwetu hapa masalia ni ya mshonaji." Mama akamjibu, "Kwenu hapa wizi mmeupa jina zuri." Mama Matangaro naye akakataa katakata kununua mkasi mwingine. Alipoulizwa dukani alisema, "Mkasi ninao. Uko kwa wifi yangu." Kuanzia siku hiyo alikuwa akiuma pindo la kitambaa kwa meno, kisha anakichana kwa mikono miwili, chwaa! Watoto wa Areora waliijua sauti ile. Mama naye aliufunga mkasi kwa utepe, akauvaa shingoni pamoja na ufunguo, akaenda nao kanisani, na kila aliyeuliza aliambiwa ni wa mwizi.

Walikaa hivyo miaka na miaka, nyumba zao zikitenganishwa na uzio wa maua tu. Papa alipofariki tarehe 2 Machi 1997, Mama Matangaro alileta shuka la kumfunika kaka yake. Mama, machozi yakimtiririka, aliinua pembe zote nne kabla hajaruhusu litandazwe. Mchungaji wa wakati ule aliangalia pembeni.

Kisukari kilianza kumsumbua mwaka 2006, na kufikia mwaka 2011 macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Tulidhani ataacha kushona. Wapi! Alishona kwa kupapasa, vidole vikisoma kile kifundo kwenye pembe na kujua kitambaa ni kipi: hili gauni la Pasaka, hili pazia la mama mkwe. Alichohitaji ni mtu wa kumtungia sindano na kumchagulia rangi sandukuni. Binti yake Nooroa, aliyerudi kutoka kisiwa kikuu cha Rarotonga kumuuguza, Mama alimshuku kwamba ana mpango wa kugawa vitambaa. Muuguzi naye alishukiwa kwa kuwa alikuwa mpole mno. Mwishowe akasema, "Niitieni mwizi wangu."

"Mama, nani?"

"Matangaro. Yule angalau najua anachoiba."

Mama Matangaro akavuka uzio siku ya Alhamisi, akasimama mlangoni. "Mwizi wako nimefika. Leo nianze na kipi?"

"Kaa hapo nikusikie mikono."

Alhamisi ile ya kwanza walikuwa wawili tu chumbani. Mama alipapasa ndani ya sanduku, akasema, "Likiisha hili, wifi, na mimi nimeisha." Mama Matangaro aliomba mkasi akate uzi, akapewa, akaurudisha shingoni kwa Mama. Akawa anakuja kila Alhamisi, na akifika alipewa ufunguo afungue sanduku.

Mwaka 2013 mambo yakaanza kuharibika. Asubuhi moja Mama alitoa kipande sandukuni, akakipapasa pembe zote nne, akaita nyumba nzima.

"Kuna mtu anaingia kwenye sanduku langu!"

Nooroa akaja mbio. "Amechukua nini, Mama?"

"Hajachukua! Ameweka!"

"Sasa Mama, si afadhali?"

"Afadhali nini? Anayechukua namwelewa, ana shida. Anayeweka anataka nini?"

Kuanzia hapo hakulala vizuri. Vipande visivyo na kifundo viliendelea kuonekana, laini, vimekatwa safi. Mama alimshuku mke wa mchungaji kwamba anataka kumrudisha kwenye chama cha wanawake, akamuuliza mbele ya watu. Mama Mchungaji, tunakuomba radhi tena. Alimshuku mwanawe Teariki kwamba ametuma mtu kutoka Auckland kwa ajili ya shamba la mihogo na miche ya kahawa. Alimshuku Nooroa, ambaye anaapa mpaka leo. Alifunga uzi kwenye kitasa, akapaka mafuta ya nazi kwenye mfuniko ili amshike mwenye mikono inayonuka, na akawa anakaa juu ya sanduku huku anakula magimbi yake. Hakumnasa mtu. Mama Matangaro hakumshuku hata siku moja. Mwizi atawekaje?

Siku moja alimwambia, "Wifi, sanduku langu halipungui."

"Labda unashona polepole."

"Nashona vilevile."

"Basi labda umezoea kulipapasa vibaya. Nipe mkasi."

Alhamisi moja ya mwezi Mei mwaka jana mvua ilikuwa inanyesha, na Mama Matangaro aliondoka haraka kuanua nguo zake. Mama akabaki na kipande mkononi. Akakipitisha kidole pembeni. Nyuzi zilikuwa zimechomoza ukingo mzima, ndefu fupi, ndefu fupi, kama kitambaa kinavyokuwa kikichanwa. Mwanzoni mwa ukingo palikuwa na alama ya meno. Nooroa alikuwa mlangoni, akamwona Mama amekaa, mkono mmoja umeshika mkasi shingoni. Chai ikapoa.

Hatimaye Mama akasema, "Anavichana kwake, halafu anakuja kunyoosha kingo hapa kwangu, kwa mkasi wake, mbele yangu. Na mimi namshikia."

Nooroa akauliza kwa nini Mama Matangaro afanye hivyo.

"Nilisema neno siku ile. Kwamba sanduku likiisha na mimi nimeisha. Nilisema mbele ya mtu mmoja tu." Kisha akakasirika, maana ndivyo alivyolia mama yetu, kwa hasira. "Mjinga yule! Amechana magauni yake yote. Sasa kanisani anavaa nini?"

Hakumwambia wifi yake neno. Kila Alhamisi waliendelea kama kawaida, mwizi na mwenye mali. Siku nyingine za wiki, Nooroa akimtungia sindano, Mama alivitenga vipande vyote visivyo na kifundo na kuviunga pamoja. Mchoro aliutunga gizani, kichwani, akiuliza rangi tu. Kila pembe alitia kifundo chekundu kama zamani, kisha akakifumua kile kifundo na kukitoa. Alifanya hivyo kwa pembe zote nne. Nooroa akamuuliza anafanya nini. "Si changu," akasema, "nimesahau kidogo."

Alilimaliza shuka mwezi Aprili. Kidonda cha mguu kikawa hakiponi, homa ikaja, akakataa kupelekwa hospitali ya Rarotonga kwa kuwa hakuijua ndege ile inaendeshwa na nani. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Juni 2016 alimwita Nooroa, akampa maagizo, akayarudia, akataka ayasikie yakirudiwa. Alifariki asubuhi, nyumbani kwake, Mama Matangaro akiwa ameshika kikombe chake cha maji. Ilikuwa Alhamisi.

Marehemu ameacha watoto wanne, Nooroa, Teariki, Ruta na Moeroa, wakwe, wajukuu, vitukuu, dada yake Mama Akaiti wa Mauke, na wifi yake, Mama Matangaro.

Mnaona mashuka yaliyofunika jeneza. Yote yatashuka naye kaburini, kama desturi yetu ilivyo, isipokuwa moja, lile lililokunjwa juu kabisa, lenye utepe. Maagizo ya Mama ni haya, na tumekatazwa kupunguza neno: "Siingii kaburini na mali ya watu. Vitambaa vile ni vya Matangaro. Mrudishieni mbele ya watu wote, maana mbele ya watu nilimwita mwizi. Ile njano sijasema hakuiba. Lakini hivi ni vyake."

Mama Matangaro, wifi ya mama yetu, tunakuomba usogee. Shika taratibu, ni zito. Mkasi wako umo ndani. Anasema usichane tena kwa meno, meno yenyewe yamebaki machache.

Mama Upokoina, kila kitu kimefika kwa mwenyewe, na waliokuwepo wameona. Pumzika kwa amani. Sanduku tumelifunga.