Mtani wa Mlithuania Anastaafu

Kwanza tunawaomba radhi wasomaji. Jarida hili la walimu halijatoka tangu Julai mwaka jana. Tangu biashara iwe huria, maduka ya Bariadi yamejaa sabuni za kila rangi, lakini wino wa mashine ya kudurufu haujapata mwagizaji. Tungeweza kuendelea kunyamaza, ila tarehe 30 Juni 1997 Mwalimu Joakim Masalu anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili, na mtu aliyesema kwa muda wote huo hastahili kuagwa kimyakimya.

Mwalimu Masalu alizaliwa Kimali, Meatu, katika familia ya wafugaji. Alianza kufundisha shule ya msingi huko Maswa mwaka 1965, akasomea stashahada, kisha akahamia shule yetu hapa Bariadi mwaka 1978 kufundisha Historia. Wanafunzi wake wamefaulu vizuri, na hilo tunalikiri. Tunakiri pia kwamba hajawahi kujibu swali lolote bila kuanzia kwa mababu. Ukimwuliza kwa nini tangi halina maji, atakueleza kwanza watu wa bonde la Simiyu walitoka wapi, na atakapomaliza mvua itakuwa imenyesha.

Mwaka 1993 tulipata mwalimu wa Fizikia, Bwana Rimas, kutoka Lithuania, nchi iliyokuwa imejitoa muda mfupi kabla katika Umoja wa Kisovieti. Sote tulimwita Mrusi. Kila alipoitwa hivyo alichukua kikombe chake akaenda kunywa chai nje, juani, peke yake. Masalu ndiye aliyemfuata. Wiki hiyohiyo alitufundisha, bila kuombwa, somo lililomaliza mapumziko yote ya saa nne na sehemu ya kipindi kilichofuata.

Walithuania, alisema, si Warusi. Kilithuania ni ndugu wa Kilatvia. Ndugu wao wa tatu, Kiprusi cha kale, alikwisha kufa. Kirusi ni binamu tu. Wataalamu hawajakubaliana juu ya safari yote ya mababu wa Walithuania, lakini wengi wanaona kwamba maelfu ya miaka iliyopita wafugaji kutoka mashariki walifika karibu na Bahari ya Baltiki, wakachanganyika na wenyeji wa misitu. Lugha yao imetunza maneno ya kale kiasi kwamba mengine yanafanana na ya Kisanskriti cha India. "Kumwita huyu Mrusi," alihitimisha, "ni sawa na kumwita Msukuma Mhaya kwa kuwa wote wameonekana sokoni Mwanza."

Hakuishia hapo. Alimpeleka Rimas kwenye duka la vipuri la Mhindi mmoja, Mgujarati, karibu na stendi, akamtaka ataje moto kwa lugha yake. Rimas akasema ugnis. Mwenye duka akashangaa, kwa maana katika sala zake za Kisanskriti moto huitwa agni. Papo hapo Masalu akaomba mnyororo wa baiskeli kwa bei ya undugu. "Mwalimu," alijibiwa, "ndugu tuliyeachana naye miaka elfu nne hapunguziwi."

Alipoona kwamba Mlithuania hana mtani Tanzania nzima, Masalu alijitolea. Alikuwa amesoma kwamba zamani wakuu wa Lithuania walijidai kuwa uzao wa Warumi waliofika huko kwa merikebu. Tangu siku hiyo Rimas akawa "Mrumi aliyepotea njia". Naye akajifunza upesi, akamwita mwenzake "mchunga ng'ombe aliyepotelea darasani". Chai ya nje juani ikakoma.

Februari 1995 ilikuja simu ya maandishi: baba yake Rimas amefariki na amekwisha kuzikwa. Tulikwenda nyumbani kwake, tukasema pole, tukakaa. Hakulia. Ndipo Masalu akaingia, akajilaza kizingitini, akatangaza kwamba hakuna atakayetoka wala kuingia mpaka ukoo wa marehemu umlipe mtani chai. "Mzee wenu kaondoka bila kutuaga! Ndiyo maana hata Roma mliikosa!" Mkuu wa shule, Mwalimu Domitila, alisimama ili amtoe. Rimas alimtazama Masalu, akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Akainuka, akachemsha chai mwenyewe, akammiminia mchunga ng'ombe wake. Baadaye alituambia kwamba siku hiyo ndipo baba yake alipozikwa.

Sasa Masalu anarudi Kimali kwa mkewe, Mama Nyanjige, na ng'ombe wake. Mkataba wa Rimas unaisha Desemba. Mama yake amebaki peke yake na anamwita. Masalu amemtengea mtamba mweupe zizini, lakini anakataa kumleta mjini: mtani, anasema, huja kunyang'anya mwenyewe. Rimas amejibu kwamba anafikiri.

Mwalimu Masalu, tunakushukuru kwa kazi yako na kwa maneno yako, hata yale yaliyozidi. Tunakutakia afya, malisho mema na wasikilizaji wavumilivu. Walithuania walitoka wapi, umetueleza mara nyingi. Huyu mmoja anakwenda wapi, hujui, nasi hatujui. Akishaamua tutakuandikia. Hadi hapo, tafadhali, usimwuze mtamba.